Tunapouliza Simu Badala ya Jirani



Wapenzi wasomaji, kina mama, kina dada na jamaa wote mlioko majumbani, wiki hii tumekusudia kulizungumza jambo ambalo limeingia katika nyumba zetu polepole, mpaka leo twalitenda bila ya kulifikiri. Friji imeharibika siku mbili kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Binti anataka mshoni wa nguo za arusi. Mwana aliyeko Muscat amtafutia mamake, aliyeko Mkomani, muuguzi wa kumsafisha kidonda cha sukari. Bwana yuko safarini, na nyumbani bomba limepasuka. Katika haja zote hizi, zamani aliulizwa jirani. Leo huulizwa simu.

Hatusemi kwamba kuuliza simu ni vibaya. Kuuliza si ujinga, na chombo kikikusogezea jibu karibu ni neema. Tunalotaka kulitazama ni hili: simu inaijua Amu kwa kiasi gani? Na mtu wa Langoni, wa Matondoni, wa Siyu au wa Kizingitini anapoiuliza, aulize vipi ili apate jibu la kumfaa, wala asipoteze mali yake, au wakati ambao mgonjwa hana?

Tuanze na ule utaratibu wa kale, kwani ndio mizani tutakayopimia huu mpya. Mwanamume aliyehitaji fundi alikwenda barazani au aliuliza baada ya sala ya alasiri. Mwanamke aliuliza kwa mashoga zake, arusini au matangani, au alimtuma mtoto nyumba ya pili. Jibu alilolipata lilikuwa na mwenyewe. Aliyesema "mchukueni fulani, kazi yake ni nzuri" alijua kwamba fulani akiharibu, lawama itamrejea yeye kwanza. Kwa hiyo aliyashika maneno yake. Utaratibu huo nao ulikuwa na upungufu wake: mgeni asiye na ukoo mjini hakujua pa kuanzia, kijana mwenye ujuzi mpya hakutajwa kwa sababu hakuzoeleka, na mama mwenye haja ya siri alishindwa kuitaja mbele za watu. Simu imewafaa watu hao, na ni haki kuusema wema wake.

Sasa tuitazame simu inavyofanya kazi. Mtu anapoandika "fundi wa friji Lamu", mtambo wa kutafutia haumjui fundi yeyote. Ulichonacho ni hazina kubwa ya maandishi, ramani na majina ambayo watu wengine wamekwisha kuyaweka, nao hufanya kazi ya kupanga lipi litangulie na lipi lifuate. Kampuni ya Google, ambayo ndiyo itumiwayo zaidi na watu wetu, imeeleza yenyewe kwamba majibu ya huduma za mahali hupangwa kwa mambo matatu: namna jina lilivyolingana na swali, umbali wa pale ulipo, na umaarufu wa huyo anayetafutwa. Juu ya hayo yapo matangazo ya kulipiwa, ambayo aghalabu hukaa juu kabisa, yakiwa na alama ndogo inayosema kuwa yamelipiwa. Jibu la kwanza, basi, laweza kuwa la aliyelipa, wala si la aliye bora. Hilo kila mwana wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, yapasa alijue.

Tuyachukue mambo hayo matatu tuyaweke visiwani kwetu.

La kwanza ni ulinganifu wa maneno. Jina "Lamu" lina maana tatu: mji, kisiwa na kaunti nzima. Mwenye kuandika "duka la dawa Lamu" akiwa Mkomani anaweza kuletewa duka lililoko Mpeketoni. Simu haikusema uongo, kwani Mpeketoni ni kaunti ya Lamu. Lakini mgonjwa wa Mkomani itambidi avuke hadi Mokowe, kisha apande gari, ilhali huenda dawa iko hatua chache kutoka mlangoni pake. Pate ni mji na pia ni kisiwa chenye miji mingine ndani yake; tena neno hilo hilo, likiandikwa kwa herufi zile zile, lina maana ya chakula katika lugha za Ulaya, na mtambo usiojua ulipo utakuletea upishi wa maini. Faza ndiyo Rasini, lakini simu haijui kila mara kwamba majina hayo mawili ni ya mji mmoja. Pia iko lahaja yetu. Anayeandika kwa Kiamu "mato" akitaka daktari wa macho, au "ndia" akitaka njia, asitarajie mengi, kwa kuwa waliouandikia mtambo huo wameandika kwa Kiswahili sanifu au kwa Kiingereza. Hatulisemi hili kwa kuidharau lahaja ya wazee wetu. Ni kwamba chombo hakikufunzwa kwayo.

La pili ni umbali. Simu hupima umbali kwa mtu aishiye bara. Haijui maji kujaa na maji kupwa. Mtu wa Pate au wa Siyu ajua kwamba safari ya kuja Amu ina saa zake, kwamba mlango wa Mkanda una wakati wa kupitika na wakati wa kukwama, na kwamba siku za bamvua si sawa na siku za maji mafu. Ramani haina habari hiyo. Itakuambia kwamba hospitali iko kilomita kadhaa, na itanyamaza kimya kuhusu mashua, nahodha, upepo wa kusi na giza la usiku. Fauka ya hayo, simu ambayo haikuruhusiwa kujua mahali ilipo huweza kudhani kwamba mwenyewe yuko Nairobi au Mombasa, kwa kuwa mitambo ya kampuni ya simu iko huko. Ndiyo sababu mtu akaandika "mkunga aliye karibu nami" akiwa Kizingitini, akapewa majina ya wakunga wa Nairobi.

La tatu ni umaarufu, na hapa ndipo penye kilio chetu. Umaarufu hupimwa kwa wingi: wingi wa watu waliotoa maoni, wingi wa nyota, wingi wa kutajwa katika tovuti nyingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti yetu nzima ilikuwa na watu 143,920, na Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Fundi wa Nairobi akitajwa na mmoja katika wateja wake mia, tayari ana orodha. Fundi wa Langoni aliyefanya kazi miaka thelathini huenda hakutajwa hata mara moja, kwa kuwa wateja wake humsifu kwa mdomo. Na tangu mji wetu ulipotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mengi yaliyoandikwa juu ya Amu yameandikwa kwa ajili ya mgeni. Tafuta chochote kuhusu Lamu, utaletewa nyumba za kulala wageni za Shela, jahazi za kutembeza watalii machweo na vyakula vya pwani. Mshoni wa mabuibui, mwalimu wa kike wa kuwasomesha watoto hesabu, mama apikaye kwa ajili ya hitima, mwenye punda wa kupandisha saruji na mawe hadi kwenye nyumba inayojengwa, wote hawa wako na wanafanya kazi kila siku, wala simu haiwaoni.

Kutokana na hayo, tunawanasihi wasomaji wetu mambo yafuatayo.

Anapouliza, mtu aandike mambo matatu pamoja: huduma, mtaa au mji, na kaunti. "Daktari wa meno, mji wa Lamu, Langoni" ni bora kuliko "daktari wa meno Lamu". Akikosa kwa Kiswahili sanifu, ajaribu kwa Kiingereza. Akikosa kwa Faza, ajaribu kwa Rasini. Atazame tarehe ya habari, kwa sababu maduka hufungwa na nambari za simu hubadilika, na mtandao hauzifuti kwa wakati. Asichukue nambari moja tu, achukue mbili au tatu. Kisha, kabla hajatoa hata shilingi, arejee kwa binadamu: ampigie jirani au jamaa aliyeko mtaa huo, amuulize, "Huyu mnamjua?" Swali hilo fupi limewaokoa wengi.

Katika matibabu tuwe waangalifu zaidi. Tunajua kwamba wanawake wengi hutafuta daktari wa kike na huona haya kuuliza hadharani, na simu huwasitiri katika hilo. Lakini jina zuri na picha ya koti jeupe si dalili ya ujuzi. Madaktari nchini husajiliwa na baraza lao, KMPDC, ambalo orodha yake hutazamwa mtandaoni. Wauguzi na wakunga wana Baraza la Wauguzi la Kenya. Maduka ya dawa yako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kumuuliza mtoa huduma kuhusu usajili wake si kumvunjia heshima; mwenye kazi ya halali hujibu kwa furaha.

Na kuna wakati ambapo kutafuta mtandaoni ni kupoteza wakati. Mja mzito anayetokwa na damu, anayeumwa sana na kichwa huku macho yakiona kiwi, aliyeshikwa na degedege, aliyevunjika chupa kabla ya siku zake, au aliyeacha kuhisi mtoto akicheza, huyo hatafutiwi kitu simuni. Huyo hupelekwa kituo cha afya papo hapo. Kwa familia za Pate, Ndau na Kiwayu, safari hiyo ni ya bahari, na nahodha hatafutwi usiku wa uchungu. Yafaa mwezi wa nane wa mimba usiishe kabla ya bwana na jamaa kupatana na nahodha, wamjue na mwenzake wa akiba, waweke fedha ya mafuta kando, na waziandike nambari za nahodha, za mkunga wa kituo cha karibu na za Hospitali ya King Fahd iliyoko Amu kwenye karatasi, waibandike ukutani. Tunasema karatasi kwa makusudi. Betri huisha, bando huisha, na mtandao wenyewe hukatika: mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilikatika, na intaneti katika Kenya na nchi jirani ikazorota kwa siku kadhaa. Karatasi iliyoko ukutani haikuzorota.

Tuje kwenye mali. Matapeli wanajua kwamba watu wanatafuta, nao hukaa pale pale panapotafutwa. Huweka nambari bandia ya huduma kwa wateja, mtu akatafuta nambari ya benki yake akampigia mwizi. Nambari ya benki ichukuliwe nyuma ya kadi au katika karatasi za benki, na nambari ya siri asiambiwe mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa jina gani. Huweka picha za nyumba ya kupanga ambayo si yao, wakataka arubuni kabla hujaiona. Hapa kwetu, ambako kila nyumba ina jirani anayemjua mwenyewe, hakuna sababu ya mtu kutuma fedha kwa nyumba isiyokaguliwa na jamaa. Anayelipa kwa M-Pesa asome jina linalojitokeza kabla malipo hayajakamilika. Jina likiwa si la yule uliyeambiwa, simama. Na fedha ikienda kwa aliyekosewa, ule ujumbe wa muamala upelekwe upesi kwa nambari 456, maana kila dakika inayopita humpa mwingine nafasi ya kuitoa.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya kazi za Ghuba. Dada zetu huandika simuni "kazi Saudia" au "kazi Dubai", na majibu huja kama mvua, yakiwa na ahadi za tiketi na mshahara. Wakala wa kupeleka wafanyakazi nje ya nchi hana budi kuwa na kibali cha serikali, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka orodha ya waliosajiliwa katika tovuti yake. Asiyekuwamo katika orodha hiyo asipewe pasipoti wala senti. Tena mkataba usomwe na mtu mzima wa nyumba anayeujua, kabla ya saini. Dini yetu imehimiza kuandikiana na kushuhudiana katika madeni, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka katika jambo hilo. Itakuwaje basi katika kumkabidhi mtu binti yako?

Limebaki suala la maoni na nyota. Anayetafuta huzitegemea, na anayeziweka aghalabu hudhani anacheza. Ukweli ni kwamba huo ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Surat Al-Hujurat imetufunza kuihakikisha habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kumsifu fundi kwa kazi ambayo hakuifanya, kwa kuwa ni ndugu, ni kumdanganya mwenye kutafuta. Kumchafulia jina mama mpishi kwa sababu ya ugomvi wa arusini ni dhuluma. Wengine hunyamaza kabisa, wakihofia kwamba kusema "kazi yake haikuwa nzuri" ni kusengenya. Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin amezitaja hali ambazo humo kumtaja mtu kwa aibu yake si haramu, na mojawapo ni kumnasihi anayekushauri. Ameileta humo habari ya Fatima bint Qays, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemshauri Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya waliomposa, naye akamweleza hali zao kwa kiasi cha haja. Hicho kiasi cha haja ndicho kipimo. Andika kilichokupata katika kazi ile, siku ile, kwa maneno machache. Ukoo wake, umbo lake na mambo ya nyumba yake hayamhusu mteja.

Mwisho tunawageukia kina mama wenye kazi zao: washoni, wapishi wa mahamri na vibibi, wapambaji wa piko na hina, walimu wa nyumbani. Nyinyi ndio mnaotafutwa na hampatikani, na riziki yenu humwendea mwingine. Kujiandikisha katika ramani ya Google ni bure. Anayefanya kazi nyumbani anaruhusiwa kuificha anwani ya nyumba yake na kutaja tu mitaa anayoihudumia, kwa hiyo sitara ya nyumba haivunjiki. Tumieni jina la kazi, nambari ya simu ya kazi iliyo mbali na ile ya jamaa, na picha za nguo, za chakula au za mchoro wa hina kwenye karatasi. Sura zenu na za watoto hazihitajiki, wala picha za wateja hazistahili kuwekwa bila ya idhini yao. Wekeni saa za kazi, na mzibadilishe ifikapo Ramadhani, ili mteja asipige simu wakati wa futari. Taarifa za wateja, nambari zao na vipimo vyao vya nguo, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria hiyo zililindwa na adabu zetu.

Vijana wa nyumbani wana sehemu yao pia. Wengi wao huitumia simu usiku kucha, na hapo mtaani kuna mzee fundi wa milango au mama mkandaji asiyejua kusoma maandishi ya simu. Kijana akae naye nusu saa, amwombe ruhusa, amwandikie jina la kazi yake, mtaa wake na nambari yake. Asiifanye bila ya ruhusa, kwani yuko mtu asiyetaka kujulikana na wageni, na hiyo ni haki yake. Na sisi tunaotafuta tusidhani kwamba asiyeonekana simuni hayuko, au kwamba hajui kazi. Mafundi waliozipaka chokaa kuta za mji huu na kuzichonga milango zake hawakuwa na nyota hata moja.

Tunapendekeza kila nyumba wiki hii ikae pamoja baada ya sala ya isha, ichukue karatasi moja, na iandike nambari kumi: nahodha na wa akiba yake, mkunga, kituo cha afya, duka la dawa, fundi wa umeme, fundi wa mabomba, mwenye punda, jirani wa karibu na jamaa mmoja aliyeko Mombasa. Kila nambari ipigwe mara moja, kuhakikisha kwamba iko na inajibiwa. Kisha karatasi ibandikwe mahali ambapo hata mtoto wa miaka minane ataifikia.

Allah atupe wepesi katika haja zetu, na atujaalie tuwe wakweli kwa wanaotuuliza. Wabillahi tawfiq.